Kocha, niliacha kidogo tu, sasa nashindwa kurudi

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na ukizisoma zote kwa mkupuo mmoja unagundua zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti. Zamani mlikuwa mnaniuliza namna ya kuanza mazoezi. Saivi kuanza mnajua, wengine mmeanza mara nne mara tano, mnachoniuliza ni namna ya kurudi. Umeugua, umeumia, umejifungua, umefiwa, siku zimepita, alafu ile asubuhi ya kurudi inakuwa nzito kuliko asubuhi ya kwanza kabisa uliyoanza. Nimechagua barua saba, nyingine nimezijibu kwa kirefu, nyingine kwa kifupi.

Kocha shikamoo. Mimi niko Mbagala, nina miaka 34, nauza spea za pikipiki. Mwaka jana nilijiunga na klabu ya jogingi ya mtaani kwetu, nikaanza na kilomita 3 nikafika 15, nikajiandikisha kabisa nusu marathoni. Kumbe malaria inanisubiri, nikalazwa siku mbili, jumla nimekaa nje wiki tatu na zaidi. Jumapili ya kwanza niliyorudi nikatoka na wenzangu, kilomita ya nne tu nikakaa pembeni ya barabara, kifua kinawaka, miguu kama si yangu, wenzangu wananipita na kundi la nyuma nalo linanipita. Tangu siku hiyo sijatoka tena. Tisheti ya klabu iko kabatini, kila Jumapili saa kumi na moja nawasikia wanapita wanaimba na mimi nimelala macho kodo. Sasa miezi miwili. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Hapo pa kuwasikia wanapita wanaimba na wewe uko kitandani pamenigusa sana, na naamini wako wengi wanaosoma hapa wamejiona.

Kwanza tuelewane kuhusu ile Jumapili, mana nahisi mpaka leo unaibeba kama ushahidi kwamba umeisha. Malaria inaharibu chembe nyekundu za damu, na hizo ndo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Ukiongeza na zile wiki tatu za kulala, hata maji ya kwenye damu yanapungua, kwa hiyo moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Pumzi ndo ya kwanza kushuka, ndani ya wiki mbili hivi unaanza kuiona, nguvu ya misuli inakaa kidogo zaidi. Sasa wewe ukatoka na damu iliyopungua, moyo uliokaa nje wiki tatu, ukaenda mwendo wa watu ambao hawajakosa hata Jumapili moja. Ulichokiona kilomita ya nne ndicho ambacho mwili wa mtu yeyote ungefanya, hata wa mwanariadha. Hakuna cha aibu pale.

Kosa lako ni moja na ndo kosa la karibu kila mtu: ulirudi pale ulipoachia. Kichwa kinakumbuka kilomita 15 lakini mwili umetoka wodini. Mimi mwenyewe nimelifanya kosa hili na nafundisha watu, kwa hiyo nikisema nakuelewa nakuelewa kweli. Niliumia msuli wa nyuma ya paja, nikapumzika wiki tatu, nikajiona niko sawa, siku ya kwanza uwanjani nikataka niwaonyeshe vijana kwamba kocha wao yuko vilevile, nikapiga mbio za kasi. Msuli ukachanika palepale. Wiki tatu zikawa miezi minne. Tangu siku hiyo kila ninayemfundisha nimemwambia neno moja, rudi chini ya pale ambapo unajisikia unaweza, alafu shuka tena kidogo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kuvaa raba pita kituo cha afya chochote wakupime wingi wa damu, kipimo cha dakika chache tu, hasa kama bado ukipanda ngazi unahema au viganja vimepauka. Damu ikiwa sawa, wiki ya kwanza ni kutembea tu, dakika 20, siku tatu, peke yako, saa yoyote utakayo. Najua utaona ni mazoezi ya wagonjwa. Yafanye hivohivo. Wiki ya pili unatembea dakika 3 unakimbia dakika 1, unarudia mara sita. Wiki ya tatu unatembea 2 unakimbia 2. Wiki ya nne unajaribu dakika 20 za kukimbia mfululizo lakini polepole, na kipimo cha polepole unakijua wewe kuliko mimi mana klabu zenu mnaimba: kama huwezi kuitikia wimbo mpaka mwisho wa ubeti, umepitiliza, punguza. Ukishazimaliza hizo ndo uanze kuongeza umbali, na uongeze siku moja tu ya wiki, zile nyingine zibaki fupi.

Alafu kuna hili la aibu, mana naona ndo limekulaza kuliko malaria yenyewe. Usisubiri uwe vizuri ndo urudi klabuni. Mtafute kiongozi wenu leo, mpigie, mwambie niliugua na narudi taratibu, nitakuwa na kundi la nyuma. Basi. Kila klabu ya jogingi ninayoijua Dar ina kundi la nyuma na ina mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayeachwa. Ukishatamka kwa mdomo kwamba uko kundi la nyuma, hakuna tena wa kukupita, mana hushindani na mtu.

Na kwa sababu unapenda mbio nikukumbushe ya Simbu. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alichukua shaba ya dunia London mwaka 2017, nchi nzima tukasema mwaka unaofuata ni dhahabu. Haikuja mwaka uliofuata wala ule mwingine. Olimpiki ya Tokyo akawa wa saba, Olimpiki ya Paris 2024 akawa wa 17, na mtaani watu walishaanza kusema muda wake umepita. Tarehe 15 Septemba 2025, mashindano ya dunia Tokyo, akaingia uwanjani na Mjerumani Amanal Petros, wote wakapewa saa 2 dakika 9 sekunde 48, tofauti sehemu tatu za mia ya sekunde, na dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha ikawa yake. Miaka minane toka ile shaba. Mimi nilichokiangalia zaidi kuliko ile mita ya mwisho ni hiyo miaka katikati, asubuhi zote zile ambazo hakuna kamera na matokeo hayasemi chochote, na mtu anaamka anatoka. Wewe una miezi miwili tu ya kuirudia.

Hujambo kocha. Niko Mombasa, nina mtoto wa miezi mitano, nilijifungua kwa operesheni. Kabla ya mimba nilikuwa nakimbia Mama Ngina kila Jumamosi na jimu mara mbili kwa wiki. Saa hii nikijaribu hata kuruka kamba mkojo unaniponyoka, tumbo liko tu, usingizi sina, na kila nikifungua simu naona wale kina mama waliorudi shepu kwa miezi miwili. Wiki hii naanza, wiki ijayo mtoto ana homa naacha. Nimechoka kuanza upya kila mara.

Sijambo dada, na hongera kwa mtoto.

Tuanze na mkojo, mana wanawake wengi wanalinyamazia hili na wakiniandikia wanaliweka mwisho wa barua kwa herufi ndogo. Mimba inailegeza misuli ya chini inayobeba kibofu na kizazi, hata ukijifungua kwa operesheni, kwa sababu mzigo uliubeba miezi tisa. Mkojo ukiponyoka ukiruka, mwili unakwambia kuruka bado. Kwa hiyo kamba weka pembeni kwanza, na kukimbia pia, mpaka utulie. Wataalamu wengi wanashauri mama asikimbie kabla ya miezi mitatu tangu kujifungua, na hiyo mitatu ni kima cha chini, haimaanishi kila mtu yuko tayari siku ya tisini. Arobaini ikiisha jamaa wanakuona umepona, umetoka nje, umerudi kazini, lakini ndani kovu linaendelea kujiunga kwa miezi.

Kazi yako saivi ni hii: kaza misuli ile ambayo ungeitumia kuzuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia polepole mpaka ilegee kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Unaifanya ukiwa unanyonyesha, kwenye matatu, popote, hakuna anayejua. Kulegeza ni muhimu kama kukaza. Ongeza kutembea, anza dakika 15 na mtoto mgongoni au kwenye kigari, na skwati za kushika kiti. Ukiona tumbo linatokeza katikati kama mgongo wa samaki unapojiinua kutoka kitandani, acha sit-apu zote, muone mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali kubwa za serikali huwa wanao. Ukisikia uzito kama kuna kitu kinashuka chini, hilo usisubiri, nenda. Na maziwa hayaharibiki kwa mazoezi ya kawaida, waliokwambia hivo wapuuze kwa heshima, wewe nyonyesha kabla ya kutoka tu ili kifua kisikusumbue.

Kuhusu kuanza upya kila wiki. Dada, mtoto wa miezi mitano ataugua, atakataa kulala, ataota meno, hiyo ndo ratiba yako ya mwaka huu na hakuna programu ya jimu itakayoishinda. Ninachokuomba uwe na mazoezi ya aina mbili. Ya siku nzuri, yale ya nusu saa. Na ya siku mbaya, ya dakika 5: hiyo misuli ya chini, skwati kumi, basi umemaliza. Siku ya homa ya mtoto unafanya ya dakika 5 na unaihesabu kamili, hujaacha, kwa hiyo wiki ijayo hakuna cha kuanza upya.

Na hao wa kwenye simu, mimi nakupa mmoja wa kwenu badala yao. Faith Kipyegon alijifungua binti yake Juni 2018 akiwa tayari bingwa wa Olimpiki wa mita 1500. Mwaka 2019 Doha akarudi na fedha, yaani alishindwa, wapo waliosema ndo basi. Tokyo akachukua dhahabu, mwaka 2023 ndani ya miezi miwili akavunja rekodi za dunia za mita 1500, mita 5000 na maili moja, na Paris 2024 dhahabu ya tatu. Sikupi huyu ili ujilinganishe, yeye ana makocha na madaktari wa kumwangalia. Nakupa ili uone ni miaka mingapi. Miaka mitano toka kujifungua mpaka zile rekodi. Wewe umejipa miezi mitano, tena na kidonda.

Mambo kocha. Nilitegua enka kwenye ndondo, mpira wa mtaani, ya kulia, ni mara ya tatu sasa. Mzee mmoja mtaani ananichua vizuri tu, nakaa wiki mbili nakaza bandeji naingia uwanjani, alafu inateguka tena. Fainali iko wiki tatu mbele. Washkaji wananiambia kaza, Akhwari alimaliza marathoni na goti limeumia. Wewe unasemaje?

Poa kijana. Nasema fainali hii uwe shabiki, na naomba unisikilize kwa nini.

Enka ikishateguka mara moja, uwezekano wa kuteguka tena unapanda, hilo linajulikana vizuri sana kwenye michezo. Ligamenti ikivutika inapoteza zile hisia za kuuambia ubongo mguu umekaa vipi. Maumivu yanaisha kwa wiki mbili, hisia hazijarudi, wewe unaingia na bandeji, unakanyaga shimo, mguu unachelewa kujirekebisha, tayari. Na huyo mzee anayekuchua sina ubaya naye, ila siku mbili tatu za kwanza baada ya kuteguka usikubali kuchuliwa kwa nguvu, unaongeza damu kuvujia ndani na uvimbe. Siku hizo ni barafu dakika 15 hadi 20 iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji, mguu juu ya mto. Na kama ukiumia huwezi kukanyaga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo unauma, nenda kapige eksirei, inawezekana umevunjika kabisa na wewe unachuliwa.

Kitakachokuponya mara hii ni kazi ya kuchosha isiyo na makofi. Simama kwa mguu mmoja, ule ulioumia, wakati unapiga mswaki, asubuhi na usiku. Ukiweza dakika nzima bila kuyumba, fumba macho. Ukiweza na hiyo, simama juu ya mto. Panda kwa vidole kwenye ngazi, mara 15, seti tatu, kwanza miguu yote miwili baadaye mmoja. Wiki sita. Utarudi uwanjani siku utakayoweza kuruka kwa mguu huo mmoja mara kumi sawasawa na mguu mzima, ukakimbia mbele ukakata kona ghafla bila kuuogopa. Ukiuogopa bado.

Na usikae tu hizo wiki sita. Pushapu, tumbo, vyuma vya mikono, na mguu wa kushoto ufanyishe mazoezi kama kawaida. Ukiufanyisha mguu mzima, ule mgonjwa nao unalinda sehemu ya nguvu zake hata kama haukufanya kitu, mana mafunzo yanapita kwenye mishipa ya fahamu.

Kuhusu mzee wetu John Stephen Akhwari naomba niseme kwa uchungu kidogo, mana jina lake linatumiwa vibaya viwanjani. Mexico City, Oktoba 1968, alianguka katikati ya mbio, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji na akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ile ilikuwa Olimpiki, mbio moja ya maisha, amevaa jina la nchi. Yeye hakuwa anarudi mazoezini wiki ya pili na goti bovu. Na watu hawasemi kilichofuata: mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, alimaliza marathoni wa tano. Ukitaka kumfuata Akhwari mfuate mpaka hapo pa Edinburgh, na huko hufiki na goti wala enka isiyopona.

Kocha, mimi ni mwalimu, Dodoma. Nimefanya mazoezi wiki saba, natembea kwa kasi kilomita 3 kila jioni, wiki nne za kwanza nimetoka kilo 98 mpaka 94, tangu hapo mzani umeganda. Nimekata tamaa kwelikweli.

Mwalimu pole, ila usikate tamaa kwa sababu ya mzani. Kwanza zile kilo nne za mwanzo sehemu yake ilikuwa maji. Mwili unapotumia akiba ya wanga kwenye misuli, kila gramu inaondoka na kama gramu tatu za maji, kwa hiyo mwanzo mzani unashuka haraka na baadaye unatulia, ni kawaida kwa kila mtu. Chumvi ya jana, siku za hedhi, choo, vyote vinaupandisha mzani kilo moja au mbili bila mafuta hata kidogo kuongezeka. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, na upime kiuno kwa futi ya cherehani. Mara nyingi kiuno kinapungua mzani umesimama.

Lakini nikwambie na ukweli wa pili. Mtu wa kilo 94 akikimbia kilomita 3 anatumia kalori kama 280, akitembea anatumia pungufu ya hapo. Soda moja ya kola ya nusu lita ina sukari zaidi ya gramu 50, kama kalori 200 hivi. Sijui wewe unakunywa nini shuleni saa nne, ila walimu wengi nawajua, chai ya vijiko vitatu na maandazi mawili. Jioni zako unazifanya vizuri, sasa tuiangalie na saa nne. Alafu ongeza siku mbili za kazi ya nguvu kwa wiki, skwati, pushapu za ukutani, kunyanyua ndoo ya maji, mana hata Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli, na hiyo ya pili ndo watu wanaisahau.

Na kitu kimoja cha mwisho mwalimu, wiki saba jioni zote hujakosa. Mimi ningekuwa na daftari lako ningekuandikia vema kubwa kwa wino mwekundu.

Ni kweli ukifanya kitu siku 21 kinakuwa tabia? Mimi nimefika siku ya 19 nikakosa, ina maana narudi sifuri? (Mwanza)

Hapana, na hapana tena. Hiyo 21 inazunguka sana kwenye stetasi za watu lakini utafiti unaojulikana wa UCL, chuo kikuu kimoja cha kule London, ulitoka mwaka 2009, waliwafuatilia watu 96, wastani ukawa siku 66, na tofauti kubwa mno, wa haraka siku 18, wa polepole akakadiriwa 254. Waliochagua kitu chepesi kama kunywa glasi ya maji walizoea haraka kuliko waliochagua mazoezi. Na walichokiona kingine ambacho ndo jibu lako, kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kesho ni siku ya 20. Ila ukikosa leo kesho usikose, mbili mfululizo ndo mlango wa kutokea.

Assalaam alaykum kocha. Kila mwaka nafanya vyuma mpaka nafika mahali pazuri, ikiingia funga ya Ramadhani naacha mwezi mzima, baada ya Idi nashindwa kurudi mpaka miezi mingine miwili. Unguja.

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, mwezi huo usitafute kupanda, tafuta kulinda. Nguvu inalindika kwa kidogo sana, hata mara moja kwa wiki ukinyanyua uzito uleule uliouzoea, seti chache, unamaliza mwezi karibu na ulivyoanza. Mara mbili ni bora zaidi. Vyuma vizito fanya baada ya tarawehe ukiwa umekula na kunywa. Ukitaka kutembea au mbio nyepesi, nusu saa kabla ya magharibi, ili adhana ikikukuta maji na tende viko mbele yako. Mchana wa jua usijaribu. Na daku usiiache kwa sababu ya usingizi, na kunywa maji kidogokidogo toka futari mpaka daku badala ya kuyamimina yote mwishoni. Siku ya pili ya Idi, kabla wageni hawajajaa, pita jimu dakika 20 tu. Hiyo ya pili ya Idi ndo itakuokolea ile miezi miwili.

Mwanangu, mimi ni mstaafu, miaka 66, niko Moshi. Nina presha, natumia dawa. Mimi na mke wangu tulikuwa tunatembea kila asubuhi saa kumi na mbili, miaka tisa, mvua ikinyesha tunachukua mwavuli. Alifariki mwezi wa pili. Tangu hapo sijatembea. Daktari ananiambia presha imepanda, watoto wananiambia baba tembea, wamenunua na raba mpya. Nikifika mlangoni nashindwa.

Shikamoo mzee wangu. Pole sana. Mungu ampumzishe mama mahali pema.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Sitakwambia ni uvivu na sitakwambia jikaze, mana miaka tisa ile njia ilikuwa ya watu wawili, na ukifika mlangoni unachokutana nacho ni nafasi yake. Mguu hauna tatizo.

Naomba tujaribu hivi. Ile saa kumi na mbili iache kwanza, ni ya kwenu. Njia ile nayo iache. Toka saa kumi na moja jioni, upande mwingine kabisa wa nyumba, uende mpaka kwa jirani mmoja unayemzoea, ukae naye, mnywe kahawa, urudi. Ikiwa ni dakika 5 kwenda na 5 kurudi inatosha kwa wiki mbili za kwanza. Watoto waambie wasikuhesabie hatua. Mjukuu akiwepo nenda naye, ukiwa na mtu wa kumshika mkono mlango unakuwa mwepesi. Baadaye ukizoea utasogeza, jirani wa mbali kidogo, mpaka sokoni, mpaka dakika 30 siku tano za wiki, na hapo presha nayo itaanza kukusikia, mana kutembea kunashusha presha kweli, kukienda pamoja na dawa. Dawa usiziache hata siku ukijisikia mzima. Ukisikia kifua kubana, kizunguzungu, au kuhema kusiko kwa kawaida, kaa chini, na uende hospitali siku hiyohiyo.

Ukiona usiku hulali, chakula hakipiti, na wiki zinapita hali iko palepale, mwambie daktari wako hilo nalo kama unavyomwambia presha. Wazee wengi wa kiume wanafiwa wanakaa kimya, na kimya kile kinawaumiza.

Ile njia yenu ya asubuhi ipo siku utaitamani mwenyewe. Siku hiyo ikifika nenda nayo taratibu, na ikikuelemea katikati kaa pembeni, mlizie mama, urudi nyumbani, hiyo nayo ni siku umetembea. Na mwavuli beba, Moshi kwenu mvua haiagi. Ukishatoka mara ya kwanza naomba uniandikie ulifika wapi, hata kama ni getini.